Vazi la Kompyuta si Dhamira Yake

Kabrasha la istilahi za kompyuta linalopita mikononi mwa walimu wa Kiswahili hapa Juba lina sentensi ambayo siwezi kuifumbia macho: "Ni kosa la jinai kubadili dhamira ya mfumo endeshi bila idhini ya mwenye haki." Nimewasomea mwanasheria, mwanafunzi na fundi, na kila mmoja ameelewa lake. Mwanasheria alidhani inahusu nia ya mtenda kosa. Mwanafunzi alidhani ni swali la fasihi. Fundi, ambaye kazi yake ndiyo inayozungumzwa, hakuona kwamba inamgusa.

Kinachozungumzwa ni kile Waingereza wanachokiita "theme": rangi za madirisha, umbo la vitufe, ikoni, herufi, kivuli chini ya menyu. Kitu chenyewe hakihitaji maelezo, kwani yeyote aliyewahi kuigeuza skrini ya simu yake kuwa nyeusi anakijua. Ugomvi wangu ni jina, pamoja na hukumu iliyopandishwa juu ya jina hilo. Jina ni baya, hukumu ni potofu, na upotofu wa hukumu umezaliwa na ubaya wa jina.

Tuanze na asili. Dhamira tumeipata kwa Waarabu, na kwao mzizi wake unahusu kitu kilichofichwa moyoni. Ndiyo maana wanasarufi wa Kiarabu hukiita kiwakilishi "dhamiri", kwa kuwa jina limefichwa ndani yake. Kiswahili kilipolipokea neno hili kililigawa mara mbili: dhamiri ikawa ile sauti ya ndani inayomsuta mtu, na dhamira ikawa kusudio lake. Maana zote mbili hukaa ndani, mahali macho yasipofika. Kabrasha limechukua neno la kisichoonekana na kulibandika kwenye kitu ambacho kazi yake yote ni kuonekana. Sijui hoja gani ilishinda katika kikao cha waliolitunga kabrasha, lakini hakika haikuwa hoja ya lugha.

Hata ukiacha Kiarabu ukaingia darasani, jina hilo halisimami. Mwanafunzi wa sekondari, awe Arusha au Kakuma, hufundishwa kuigawa kazi ya fasihi katika fani na maudhui. Dhamira iko upande wa maudhui pamoja na ujumbe na falsafa. Mtindo, muundo na mandhari viko upande wa fani. Rangi ya dirisha la kompyuta ni fani tupu. Walioiita dhamira wamelikosea hata somo ambalo walikwenda kuliazima neno.

Najua walipoteleza. Neno la Kiingereza lina asili ya Kigiriki, "thema", lenye maana ya kitu kilichowekwa, kutoka kitenzi cha kuweka. Lilipita Kilatini na Kifaransa, likawa mada ya hotuba, kisha wazo kuu la muziki na la riwaya. Mwaka 1995 Microsoft iliuza nyongeza ya Windows 95 iliyoitwa Plus!, na ndani yake mlikuwa na vifurushi vilivyoshika mada moja: wanyama hatari katika kimoja, Leonardo da Vinci katika kingine. Picha ya nyuma, ikoni, kielekezi na sauti vyote viliifuata mada hiyo, kwa hiyo neno la mada lilikuwa na sababu. Ilipotoka Windows XP mwaka 2001 sababu hiyo ilikuwa imekwisha. Sura yake, iliyoitwa Luna, ilikuja kwa buluu, kwa kijani cha zeituni na kwa rangi ya fedha, wala haikuwa na mada yoyote. Waingereza wana haki ya kubaki na neno lao la zamani kwa mazoea. Mfasiri anayeazima mazoea ya watu wengine akayaita istilahi hana udhuru huo.

Wapo wanaosema mandhari inatosha, na simu nyingi tunazotumia zinasema hivyo. Mandhari nayo ni ya Kiarabu, ya mzizi wa kutazama: ni mahali pa kutupia jicho, kama Mto Nile ukiutazama kutoka darajani. Kwa picha iliyotandazwa nyuma ya ikoni neno hili ni zuri, na simpingi anayelitumia kwa kazi hiyo. Lakini simu hizohizo zimelitwika kazi mbili, ya picha ya nyuma na ya sura nzima ya mfumo, huku watumiaji wakitapatapa baina ya "mandhari meusi" na "mandhari nyeusi". Kisheria kazi hizo mbili ziko mbalimbali. Kuweka picha ya mtoto wako kwenye skrini ni ruhusa ambayo mfumo wenyewe hukupa. Kugeuza mafaili yanayochora vitufe ni jambo ambalo leseni inaweza kulikataza. Neno linaloyafunika yote mawili halifai kuandikiwa katazo.

Neno ninalolipendekeza, na nililolipeleka kwa maandishi kwa waliohusika bila kupata jibu, ni vazi.

Vazi ni letu tangu asili. Kitenzi vaa kilikuwa na l katikati, na Wachewa wa Malawi bado wanasema "kuvala". Sisi tuliidondosha, lakini haikupotea. Inasikika katika valia, na mbele ya i ya mwisho inayounda nomino inarudi ikiwa z. Hivyo ndivyo nunua ilivyozaa mnunuzi, chukua ikazaa mchukuzi, lea ikazaa mlezi, na vaa ikazaa vazi. Neno lililoumbwa kwa kanuni ya lugha yenyewe huja na ukoo wake. Katika ukoo huo tuna kuvaa, kuvua, kuvika, kuvalisha, uvaaji na mavazi. Mfumo huvaa vazi jeusi usiku, mtumiaji huuvika vazi jipya, na programu iliyokorofisha vazi huvuliwa. Nawaomba watetezi wa dhamira wanitungie vitenzi vyao. Kudhamiria wanacho tayari, na maana yake ni kukusudia.

Mwenzangu mmoja aliyekalia viti vingi vya istilahi ameniambia kwamba vazi ni neno la nyumbani, halina hadhi ya kitaalamu, na kwamba ikibidi basi tuseme libasi. Libasi ni neno zuri la Kiarabu na washairi wamelienzi, lakini katika Kiswahili halina mnyumbuliko. Limesimama peke yake. Kuhusu hadhi, kipanya kilitoka nyumbani na leo kiko katika vitabu vya shule. Kwa upande mwingine tarakilishi na ngamizi zilipewa hadhi zote, na watu wakaendelea kusema kompyuta. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kwamba programu nzima inaweza kusema Kiswahili. Hadhi ya istilahi hupatikana kwa kutumika bila kumkwaza mtu.

Sasa niingie katika sheria, maana hapo ndipo dhamira inapoleta madhara. Mkataba wa kimataifa wa haki miliki, TRIPS, wa mwaka 1994 unasema katika kifungu cha 10 kwamba programu za kompyuta zilindwe kama kazi za maandishi. Huenda hapo ndipo mtu alipoona mlango wa fasihi na kuingiza dhamira. Angesoma kifungu cha 9 kilichotangulia angetoka haraka, kwani kinasema hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa na hailindi wazo lenyewe. Dhamira ya riwaya ni wazo. Yeyote anaweza kuandika riwaya yenye dhamira ya usaliti, na hakuna mahakama itakayomzuia. Kwa hiyo "kubadili dhamira" hakuwezi kuwa kuvunja hakimiliki, na kabrasha limetangaza kosa juu ya kitu ambacho hakimiliki imekiacha nje kwa makusudi. Sema vazi, na maswali yanajipanga yenyewe: vazi ni la nani, mwili, yaani programu inayovikwa, ni wa nani, na ni nani aliyeingilia sahihi ya kidijitali iliyowekwa kati ya viwili hivyo?

Swali la kwanza ni la mbunifu. Apple ilipotangaza sura yake ya Aqua mwaka 2000, wapenzi wa kompyuta walitengeneza mavazi ya kuiiga ili wayavike mifumo mingine, na wanasheria wa kampuni wakawaandikia wayaondoe. Michoro ya vitufe ni kazi ya sanaa yenye mwenyewe, na kuinakili ni kunakili kazi yake. Lakini kufanana kwa jumla ni jambo jingine. Apple hiyohiyo iliishtaki Microsoft mwaka 1988 kwa kuiga sura ya skrini yake, na mwaka 1994 mahakama ya rufaa ya Marekani iliikatalia. Kwa hiyo ukishona vazi lako mwenyewe kwa michoro yako mwenyewe, hujamwibia mtu, hata kama mshono unakumbusha wa mwingine.

Swali la pili na la tatu yanakutana katika Windows XP. Mfumo ule ulikubali kuvaa mavazi yenye sahihi ya kidijitali ya Microsoft tu. Faili la kukagua sahihi liliitwa uxtheme.dll, na waliotaka mavazi yao wenyewe walilichukua faili hilo, wakabadili baiti chache ili lisikague tena, wakalirudisha. Hapo vazi halina kosa. Kilichoguswa ni mwili, yaani programu ya mwenyewe, ambayo leseni yake ilikataza kufumuliwa isipokuwa pale sheria ya nchi inaporuhusu. Na kuvunja sharti la leseni kwa kawaida ni jambo la madai kati ya pande mbili. Si jinai kwa sababu tu mwandishi wa kabrasha amependa neno hilo. Katika Linux swali lenyewe halizuki. Leseni ya GPL inampa mtumiaji ruhusa ya kubadili mwili na vazi pamoja, mradi anayeisambaza programu aliyoibadili aisambaze kwa masharti yaleyale.

Hapa kwetu Sudan Kusini jambo hili lina uzito wa pekee. Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 imekifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, kwa hiyo sheria huandikwa kwa Kiingereza na kueleweka, ikieleweka, kwa Kiarabu cha Juba au kwa Kiswahili cha waliorudi kutoka Kenya na Uganda. Tangu tuingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, sheria za jirani nazo zinatuhusu, kwani bidhaa na mafundi hupita mpakani Nimule kila siku. Tanzania ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 1999, Kenya ya 2001 na Uganda ya 2006. Ile ya Kenya inaruhusu programu ifumuliwe ili kupata taarifa za kuiwezesha kufanya kazi na programu nyingine, na papo hapo inakataza kuzunguka kinga za kiufundi zilizowekwa kulinda kazi. Kufumua na kuzunguka kinga ni vitendo viwili, na mpaka wake ni mwembamba. Fundi hawezi kuuona mpaka huo kwa neno dhamira.

Nimemtazama kijana mmoja soko la Custom akifanya kazi hiyo, jenereta likinguruma nyuma ya kibanda. Alifungua folda ya System32, akalibadilisha jina faili la asili kwa kuongeza herufi tatu mwishoni ili aweze kulirejesha baadaye, akabandika lililobadilishwa, akaizima mashine na kuiwasha. Vitufe vikarudi vya kijani. Alijua hasa alichogusa na alijua jinsi ya kukirudisha. Nilipomuuliza kama ni halali, alisema mteja amelipa. Hakuwa na maneno ya kulitenga vazi alilopakua, faili alilolibadili na leseni ya Windows aliyoisakinisha asubuhi hiyo, ambayo kwa hakika haikununuliwa. Hilo la mwisho ndilo kosa lake kubwa, na kabrasha halina hata mstari mmoja juu yake.

Matumizi ni mepesi: vazi kwa sura nzima ya mfumo, mandhari kwa picha ya nyuma, kuvika kwa kuweka vazi, kuvua kwa kuliondoa, na mwili kwa programu inayovikwa.

Sentensi ya kabrasha iandikwe upya hivi: "Mtumiaji anaweza kuuvika mfumo vazi alilolibuni mwenyewe. Asinakili vazi la mwingine bila ruhusa. Asibadili mwili wa programu ili kuondoa ukaguzi wa sahihi, isipokuwa leseni au sheria inamruhusu." Fundi anazielewa akiwa kazini na wakili anaweza kuzitetea mahakamani. Wanaolipinga vazi waache kunijibu kwa ukimya wa vikao. Wazitunge sentensi hizo tatu kwa neno la dhamira, wazichapishe, na wasomaji waamue.