Daftari la Mlangoni: Harusi ya Kipakistani kwa Mgeni Kutoka Majengo

Pakistani ilizaliwa Agosti 1947, lakini watu wa ardhi hiyo walikanyaga Ugogo miaka 90 kabla yake. Msafara wa wapelelezi Waingereza Burton na Speke ulipoivuka nyika hii mwaka 1857 kuelekea Kazeh, yaani Tabora ya leo, ulilindwa na askari Wabaluchi waliotolewa na mtawala wa Zanzibar. Asili yao ni Makran, pwani ambayo leo imegawanyika kati ya Iran na Pakistani, na bandari yake ya Gwadar ilikuwa ya Oman hadi 1958. Sindh walitoka baadhi ya Makhoja. Kutoka Punjab, kupitia bandari ya Karachi, walikuja mafundi na vibarua zaidi ya 30,000 wa Reli ya Uganda, iliyojengwa kuanzia 1896 hadi 1901. Huku kwetu Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na mji ukakua kuizunguka stesheni.

Kwa hiyo mtu wa Majengo, hapa Dodoma, anayepokea kadi ya harusi ya ukoo wa namna hii haendi ugenini kabisa. Siku za mayun bi harusi hutawa ndani, amevaa njano, akisingwa kwa ubtan: manjano, unga wa dengu, maziwa au mafuta. Mama yeyote aliyewahi kumsinga mwari kwa liwa hatahitaji kuelezwa lolote hapo. Usiku wa mehndi hina hupakwa na wanawake hupiga dholki, ngoma yenye nyuso mbili. Nikaha ni ileile: walii, mashahidi, ridhaa, mahari. Pakistani husajili ndoa za Kiislamu kwa sheria ya 1961. Sisi tuna Sheria ya Ndoa ya 1971.

Siku ya baraat bwana harusi huja na watu wake, na shemeji zake wa kike humfichia viatu mpaka awape pesa. Wakati wa rukhsati, bi harusi anapotoka kwao akipitishwa chini ya Kurani, watu hulia waziwazi, baba akiwemo. Mgeni asidhani kuna msiba, wala asijitwike kazi ya kubembeleza.

Panapomchanganya zaidi mtu wa Dodoma ni kwenye pesa. Harusi zetu huchangiwa mapema: kamati hukaa, ahadi huandikwa, na kadi huja kwa aliyelipa, ya mtu mmoja au ya wawili. Kule mgeni hula kwanza, kisha hutoa bahasha, yaani salami. Katika vijiji vya Punjab ilikuwepo neondra: mtu alikaa na daftari, akiandika jina na kiasi. Zekiye Eglar, mwanaanthropolojia aliyeishi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Gujrat baada ya 1947, aliueleza utaratibu huo katika kitabu chake cha 1960. Aliyepokea alipaswa kurudisha zaidi kidogo siku ya harusi ya mwenzake, na ile ziada ikawa deni jipya. Kurudisha kiasi kilekile kulikuwa kufunga hesabu, na kufunga hesabu ni kuvunja ujamaa. Naliona daftari hilo kuwa na busara kuliko la kamati zetu, ambalo mara nyingi hutupwa sherehe ikiisha, na deni la watu likabaki kwenye kumbukumbu tu.

Jahez, hata hivyo, siitetei. Kwa Wagogo ng'ombe huelekea kwa wazazi wa binti. Kwa jahez, wazazi wa binti ndio wanaotoa vyombo, samani na dhahabu. Wengi wameingia madeni makubwa kwa ajili hiyo. Pakistani iliweka kikomo cha rupia 5,000 kwa sheria ya 1976, na mwaka 2016 jimbo la Punjab likatunga sheria ya mlo wa aina moja tu kwa wageni. Desturi imezishinda nguvu sheria zote mbili.

Ukialikwa siku zote na nafasi yako ni ya siku moja, chagua walima. Huandaliwa na upande wa mume baada ya ndoa kutimia, na ndiyo karamu iliyosisitizwa na Mtume mwenyewe. Vaa rangi inayong'aa, kwani weusi mtupu huwakosesha raha baadhi ya wazee, tegemea wanaume na wanawake kuketi mbalimbali, na andika jina lako juu ya bahasha.