Kutoka Orodha ya Mali hadi Ukoo: Nasaba ya Cornelia Fitzgerald wa North Carolina

Utafiti wa nasaba za Wamarekani Weusi wa mashambani Kusini mwa Marekani hukabiliwa na kikwazo kikuu kimoja. Sensa ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wengi waliotoka utumwani. Katika sensa za 1850 na 1860, watumwa waliorodheshwa chini ya jina la mmiliki kwa umri, jinsia na rangi. Kwa hiyo, anayetafuta wahenga wa kabla ya 1870 hulazimika kuwatafuta katika nyaraka za mabwana wao.

Mfano mwafaka ni familia aliyoichunguza mwanasheria Pauli Murray (1910–1985) katika kitabu chake Proud Shoes, kilichochapishwa mwaka 1956. Bibi yake mzaa mama, Cornelia, alizaliwa mwaka 1844. Mama wa Cornelia, Harriet, alikuwa mtumwa wa familia ya Smith karibu na Chapel Hill. Baba yake, Sidney Smith, alikuwa mwana wa familia hiyo, naye alimbaka Harriet. Kwa kuwa kisheria mtoto alifuata hali ya mama, Cornelia alizaliwa akiwa mali ya ndugu wa baba yake. Mary Ruffin Smith, dada yake Sidney, alikuwa bibi mwenye mali na papo hapo shangazi wa damu.

Nyaraka hazitamki undugu huo. Mwaka 1854 Cornelia alibatizwa katika kanisa la Chapel of the Cross pamoja na watoto wengine wanne wa Harriet, wakiandikwa kuwa watumishi wa Mary. Mary alipofariki mwaka 1885, wosia wake ulimwachia Cornelia ekari 100, huku shamba la Jones Grove likienda kwa Chuo Kikuu cha North Carolina. Mwaka 1938 chuo hichohicho kilimkataa Murray kwa sababu ya rangi yake.

Pengo hilo lilizibwa na masimulizi ya Cornelia mwenyewe. Hata hivyo, masimulizi nayo yana upendeleo wake: Cornelia alijivunia damu ya akina Smith, na fahari hiyo ingeweza kuyafunika mateso ya Harriet, ambaye mumewe, Reuben, mtu huru, alifukuzwa na wana wa Smith. Ndiyo maana masimulizi na nyaraka havina budi kupimwa pamoja. Rejista na wosia huthibitisha majina, tarehe na mali. Kumbukumbu ya familia hueleza kwa nini majina hayo yamekaa pamoja.

Mwezi Februari 1977, Murray, mwanamke Mweusi wa kwanza kupewa upadri katika Kanisa la Kiepiskopali la Marekani, aliongoza Ekaristi yake ya kwanza katika kanisa lilelile alimobatizwa bibi yake. Mtoto aliyeandikwa kama mtumishi wa mtu alikuwa sasa mhenga mwenye jina.