Faragha si Siri

Jumatatu moja asubuhi, nikiwa stendi ya Bunda nasubiri gari la kwenda Musoma, simu yangu ilipokea ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Ulimtaja kwa majina yake matatu mama mmoja anayeuza dagaa Mwigobero, ukamwita tapeli, ukataja kiasi anachodaiwa, kisha ukaniagiza nimwambie alipe kabla ya saa kumi jioni. Sikuwa mdhamini wake. Wala sikujua kwamba amekopa. Namba yangu ilikuwemo kwenye simu yake kwa sababu niliwahi kumfundisha mwanawe, basi.

Nilipofika Musoma nilikuta ujumbe uleule umeshawafikia wenzake wa kwaya, mwenye nyumba wake, mkwewe aliyeko Kiabakari na wateja wake wa Sirari. Deni lenyewe lilikuwa dogo, nalo lilikuwa limechelewa siku mbili. Alinitazama mara moja tu, akainamisha kichwa. "Mwalimu, wamenivua nguo mbele za watu," akasema.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafakari neno moja ambalo tunalisoma kila siku kwenye simu bila kulitafakari. Programu karibu zote zina ukurasa uitwao "Sera ya Faragha". Faragha ni nini hasa, hata mtu akiipoteza ajione yuko uchi?

Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, ambako shina lake limebeba maana ya utupu, kuwa wazi pasipo kujazwa, na pia nafasi ya mtu aliyemaliza shughuli zake. Waswahili walipolipokea walilifanya zaidi kuwa neno la mahali. Twasema: "Naomba tuongee faragha," au "Walijitenga faraghani." Sikiliza namna wazee wanavyolitumia: ni nadra kusikia mtu akisema ana faragha kama anavyosema ana shamba au ana ng'ombe. Mtu huenda faragha. Ni nafasi iliyoachwa tupu makusudi, ili wasioalikwa wasiijaze.

Jambo la pili katika matumizi yetu ni kwamba faragha haimtaki mtu awe peke yake. Huenda wawili, huenda watatu, huenda ukoo mzima ukaketi faragha kuzungumzia mahari. Aliye peke yake porini tunasema yuko katika upweke. Faragha inaanza pale mtu anapochagua ni nani aingie na nani abaki nje.

Hapo ndipo inapotengana na siri, ingawa maneno haya mawili huchanganywa kila siku. Siri ni jambo lisilojulikana. Faragha ni jambo lisiloingiliwa. Chukua mfano wa bafu la uani katika vijiji vya Butiama. Kila mtu anajua kwamba jirani yake anaoga jioni. Hakuna siri hapo hata chembe. Hata hivyo bafu huzungushiwa nyasi au mabati, na mpita njia akikaribia hukohoa, au huuliza kwa sauti kama kuna mtu. Kikohozi kile ni sheria ya faragha, na kilikuwepo kabla hatujawa na Bunge. Kwa hiyo mtu anapouliza, "Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?" anakuwa ameiuliza siri swali, na faragha hajaigusa. Anayeoga hana anachokificha. Anataka tu kuoga.

Neno faragha limo katika Katiba yetu. Haki za binadamu ziliingizwa ndani ya Katiba ya mwaka 1977 kwa mabadiliko ya mwaka 1984, wakati Rais akiwa bado Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama na mfasiri wa tamthilia za Shakespeare. Kichwa cha Ibara ya 16 kinataja haki ya faragha. Lakini ukiisoma ibara yenyewe, inaifafanua haki hiyo kwa kuihesabu moja moja: nafsi ya mtu, maisha yake binafsi, familia yake, unyumba wake, maskani yake na mawasiliano yake binafsi. Hakuna orodha ya Kiswahili inayoichora faragha vizuri kuliko hiyo. Imeanza na nafsi, ikapita chumbani, ikatoka hadi mlangoni, ikaishia kwenye maneno mtu anayompelekea mwenzake. Kila hatua ni ua mmoja zaidi.

Nyua hizo hazikuwa ngome. Watu wa rika langu waliishi chini ya macho ya balozi wa nyumba kumi, aliyejua mgeni wa nani amefika lini na ataondoka lini. Hadi leo ukilala gesti yoyote ya Bunda utaandika katika daftari jina lako, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda na namba ya simu, na wakati unaandika utasoma ya wote waliolala kabla yako. Sisemi kwamba zamani hatukuangaliwa. Lakini balozi alikuwa na jina na nyumba. Ulimjua kama yeye alivyokujua, ulimwona akikuangalia, na akizidisha ungeweza kumshtaki kwa wazee. Zaidi ya hayo, alikuwa akisahau. Anayetuangalia mtandaoni hana sura, na kumbukumbu yake haichakai.

Kiswahili kina neno zuri kwa kifaa kimojawapo cha mwangaliaji huyo. Mwaka 1994 mhandisi Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni faili dogo ambalo tovuti huliweka kwenye kivinjari cha mgeni, ili mgeni akirudi itambuliwe kwamba ni yuleyule. Faili hilo ndilo linalokumbuka kwamba umeshaingiza nywila yako. Baadaye watangazaji wa biashara waliweka mafaili yao ndani ya tovuti za watu wengine, wakaweza kumfuata msomaji mmoja kutoka gazeti hadi duka, na kutoka duka hadi ukurasa wa maradhi yanayomsumbua. Kwa Kiingereza faili hilo liliitwa kwa jina la biskuti. Wafasiri wa Kiswahili waliliita kidakuzi, na ukilisikiliza jina hilo utasikia udugu wake na udaku. Jina la biskuti linampumbaza mtu, kidakuzi linamwonya. Anayesoma "Ruhusu vidakuzi vyote" ameambiwa ukweli kwa lugha yake: kuna wambea wadogo wanaomba kuingia ndani.

Istilahi nyingine imekuja na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ikazinduliwa Aprili 2024. Imetupa mkusanyaji, yaani anayeamua taarifa zikusanywe na kwa kazi gani. Mchakataji, anayezifanyia kazi kwa niaba yake. Na mhusika wa taarifa, ambaye ni mimi na wewe. Imesisitiza pia neno ridhaa. Ni maneno mazuri, yanaeleweka, na yamekuja wakati wake. Miaka michache kabla, kati ya Mei 2019 na Januari 2020, Watanzania walipanga foleni kwenye ofisi za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) na kwa mawakala ili laini zao zisajiliwe kwa alama za vidole. Vidole vilitolewa kwanza, na sheria ya kuvilinda ikafuata.

Hata hivyo taarifa binafsi si jina jingine la faragha, na hapa ndipo ninapowasihi wanahabari na wafasiri wawe waangalifu. Taarifa, kwa asili ya matumizi yetu, ni kitu kinachotolewa: tunatoa taarifa polisi, tunasikiliza taarifa ya habari. Ni kitu kinachohesabika, kinachobebwa, kinachokabidhiwa. Faragha haibebeki. Ni nafasi, na taarifa ni vitu vilivyomo ndani yake. Ukiipunguza faragha ikawa taarifa binafsi tu, utaishia kuamini kwamba kila mtu ana furushi lake dogo la kutoa au kutotoa apendavyo, na kwamba akishabonyeza "Nakubali" mambo yamekwisha.

Mama wa Mwigobero alibonyeza. Programu ya simu aliyokopea ilimwomba ruhusa ya kufungua orodha ya majina kwenye simu yake, naye, akiwa na haja ya fedha ya kununulia mzigo kabla boti hazijafika, aliruhusu. Kwa hesabu ya furushi, alitoa taarifa zake kwa ridhaa yake. Lakini orodha ile haikuwa yake peke yake. Mle ndani nilikuwemo mimi, alikuwemo mkwewe, alikuwemo mwenye nyumba. Hakuna aliyetuuliza. Faragha ni nafasi ya watu zaidi ya mmoja, kama nilivyosema, ndiyo maana mmoja akilazimishwa kufungua mlango, wote waliomo huonekana. Na dhamana ya mkopo ule haikuwa bidhaa wala mali. Ilikuwa aibu yake mbele yetu.

Mambo haya hayakumpata yeye peke yake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni, ikawaonya wananchi wayaepuke. Nchini Kenya, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya mwaka 2023, kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kutuma ujumbe wa vitisho. Mwaka huohuo Google ilizikataza programu za mikopo zilizomo katika duka lake kugusa orodha za namba na picha za mkopaji. Marufuku hiyo inazibana zilizomo dukani. Ile inayopakuliwa kupitia kiungo kilichotumwa na rafiki iko nje yake.

Kwa hiyo napendekeza matumizi haya. Faragha iwe jina la haki na la hali yenyewe. Taarifa binafsi iwe jina la vitu vinavyokusanywa. Siri ibaki kwa yale yasiyopaswa kujulikana, na tusiiweke mahali pa faragha, maana tukifanya hivyo kila anayedai ua wake ataonekana ana la kuficha. Neno ufuatiliaji nalo linahitaji nyongeza. Katika ripoti za miradi tumezoea "ufuatiliaji na tathmini", jambo jema la kuhesabu visima na madarasa. Tunapozungumzia mtu anayeangaliwa bila kujua, tuseme wazi kwamba ni ufuatiliaji wa siri. Naam, siri iko huko, upande wa anayeangalia.

Na maneno haya tuyafanyie kazi. Programu ikiomba orodha ya majina, iulize kama mpita njia anavyoulizwa mlangoni: ya nini? Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Fomu iliyoharibika kwenye kibanda cha fotokopi, yenye namba yako ya NIDA na picha yako, ondoka nayo. Karatasi za aina hiyo huishia kufungia karanga sokoni.

Neno ridhaa lina ndugu yake tunayemjua zaidi: radhi. Yametoka shina moja. Radhi hatuichukui kwa mtu akiwa na haraka. Twaiomba, tena twaiomba tumekaa chini. Wiki ile, mama yule alifunga meza yake kwa siku mbili akazunguka Musoma nzima, kisha akapanda gari hadi Kiabakari, akiwaomba radhi watu waliopata ujumbe. Yeye aliyekosewa ndiye aliyeomba. Waliobeba majina yetu kwa kitufe kimoja hawakumwomba mtu.

Aliponifikia mimi, alikuwa amechoka. Tulikwenda pembeni, nyuma ya magunia ya dagaa, mahali ambapo wateja hawasikii. Hapo akanieleza deni lilivyoanza: homa ya mtoto, mzigo ulioloa mvua, wiki tatu bila mauzo. Kiasi cha deni nilikwisha kukijua. Haya mengine aliniambia mwenyewe, kwa kiasi alichotaka, na alipofika mahali pa kunyamaza akanyamaza, nami sikumuuliza zaidi.