Meza ya Gololi na Shujaa Wake: Historia na Istilahi

Mfasiri akutanapo na chombo kigeni hushawishika kukipa jina kabla ya kuijua kazi yake. Katika makala haya tunakusudia kwanza kueleza historia ya meza ya gololi, yaani mashine ya mchezo ambayo gololi ya chuma hutembea juu ya ubao ulioinama, chini ya kioo; kisha tutapendekeza majina ya sehemu zake.

Asili yake ni mchezo wa bagatelle uliochezwa Ufaransa katika karne ya 18. Mwaka 1871, huko Marekani, Montague Redgrave alipata hataza ya kuuboresha kwa kifaa cha springi cha kurushia gololi. Mwaka 1931 kampuni ya Gottlieb ya Chicago ilitoa Baffle Ball. Wakati huo mchezaji akisharusha gololi hakuwa na la kufanya ila kuitazama ikigonga misumari na kutumbukia tundu lolote. Ndiyo sababu mwaka 1942 Meya Fiorello La Guardia wa New York aliipiga marufuku kuwa ni kamari, na mashine zikavunjwa kwa nyundo. Mwaka 1947 Harry Mabs wa Gottlieb aliunda Humpty Dumpty, yenye vikasia sita vya umeme vya kurudishia gololi juu. Kuanzia hapo ustadi ukaipiku bahati. Lakini New York haikuondoa marufuku hadi mwaka 1976, baada ya Roger Sharpe kuonyesha mbele ya madiwani kwamba aweza kuipeleka gololi alikotaka.

Funzo kwa watumishi wa serikali ni wazi. Nchini mwetu ipo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Mfasiri akiiita meza hii "mashine ya bahati", ameiweka kundi moja na dubwi, na ametoa hukumu ambayo si kazi yake.

Tukija kwenye umbo na mapambo, mwaka 1979 Atari ilitoa meza ya Superman iliyobuniwa na Steve Ritchie. Gottlieb ikatoa ya Hulk mwaka huohuo, na ya Spider-Man mwaka 1980. Ritchie yuleyule alibuni Spider-Man ya kampuni ya Stern mwaka 2007. Humo maadui wa filamu ndio shabaha, na sumaku huikamata gololi mbele ya Doc Ock. Hivyo shujaa si picha ya kioo tu. Kisa chake ndicho kinachompa mchezaji kazi.

Shujaa wa namna hii tumwiteje? "Jitu" humtia katika kundi la mazimwi. "Jabari" ni miongoni mwa sifa za Mungu. Neno "shujaa" limemtosha Fumo Liyongo kwa karne nyingi, naye alisifiwa kwa nguvu zipitazo za watu. Maoni yetu ni "shujaa wa ajabu", pale tu inapohitajika kutofautisha.

Kuhusu sehemu, tunapendekeza "mchi" kwa kifaa cha kurushia gololi na "kikasia" kwa kile cha kuirudisha. Mashine ikitikiswa kupita kiasi, uzito unaoning'inia ndani yake hugusa pete ya chuma, umeme ukapita na mchezo ukakoma. Huo uzito si kingine ila timazi ya mwashi.

Mwalimu wa Nduta, wilayani Kibondo, huenda asiione meza hii maishani. Hata hivyo watoto wake wanazijua gololi, mama zao wanatwanga kwa mchi, na fundi ajengaye hapo hushika timazi. Kwa majina haya aweza kufundisha mwinamo, springi na sumaku-umeme bila kuazima hata neno moja ambalo darasa halina. Istilahi isiyofika Nduta haijawa ya taifa.