Utafiti wa tiba ya maambukizi sugu kwa watoto wachanga (Kenya)

Usugu wa vimelea dhidi ya antibiotiki ni hali ya bakteria kuendelea kuishi licha ya dawa iliyokusudiwa kuwaua. Mwaka 2019 ulisababisha moja kwa moja vifo vipatavyo milioni 1.27 duniani.

Nchini Kenya, mpango wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na shirika la ufadhili la Wellcome Trust ulioanzishwa Kilifi mwaka 1989 umekuwa nguzo ya utafiti wa tiba ya maambukizi sugu kwa watoto wachanga. Kati ya 2018 na 2019, jaribio la NeoFosfo lilihusisha watoto wachanga 120 Kilifi: wote walipewa ampisilini na jentamaisini, nusu yao wakaongezewa fosfomaisini, ili kupima usalama na kipimo sahihi cha dawa hiyo. Hospitali ya Kilifi ilishiriki pia katika NeoOBS, uchunguzi wa watoto 3,204 katika nchi 11.

Manufaa ya utafiti huo yanategemea hospitali za miji kama Mumias, Kaunti ya Kakamega: kuchukua damu ya kuoteshwa maabara kabla ya kuanza dawa, na kutunza kumbukumbu. Mgonjwa naye asinunue antibiotiki bila kuandikiwa na daktari.