Padre Kaiser kabla ya Naivasha

Jina la Padre John Anthony Kaiser likitajwa nchini Kenya, watu hukimbilia moja kwa moja Morendat, kando ya barabara ya Nakuru kuelekea Naivasha. Hapo ndipo alipokutwa amekufa kwa risasi ya kichwa alfajiri ya Agosti 24, 2000. Wanauliza nani alimuua. Ni swali la haki, na nitalifikia. Lakini miaka 36 aliyotumikia vijijini imemezwa na usiku ule mmoja, na asiyeijua miaka hiyo hawezi kuelewa kwa nini padre wa kubatiza watoto na kuezeka makanisa alionekana tishio kwa wakubwa wa nchi.

Alizaliwa Novemba 29, 1932, katika familia ya wakulima huko Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Kabla ya upadre alikuwa askari wa miavuli katika jeshi la nchi yake. Alipoacha jeshi alijiunga na wamisionari wa Mill Hill, akapewa daraja takatifu mwaka 1964, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amekwishawasili Kenya. Kisii, alikopelekwa, hapakuwa pageni kwa shirika lake. Wamisionari wenzake walikuwa wamefungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911, na Jimbo la Kisii lilikuwa limeundwa mwaka 1960 chini ya Askofu Maurice Otunga, ambaye baadaye alikuwa Mkenya wa kwanza kuwa kardinali.

Parokia ya mashambani siku hizo ilikuwa na vigango vingi vilivyotawanyika milimani, na padre mmoja au wawili wa kuvihudumia vyote. Kigango kingeweza kukaa wiki kadhaa bila Misa. Katekista ndiye aliyeongoza ibada ya Jumapili, akafundisha wakatekumeni na kuzika wafu. Siku padre alipofika, yote yalikuwa yakimngoja: maungamo tangu asubuhi, Misa, ubatizo, ndoa za kubariki, mgonjwa wa kupakwa mafuta ng'ambo ya bonde, kisha kikao na wazee kuhusu mabati ya darasa lililobaki wazi. Kaiser aliizunguka kazi hiyo kwa pikipiki, katika nchi ambayo mvua hainyimi mtu na njia za udongo mwekundu huteleza kama sabuni. Alijifunza Ekegusii hadi akakizungumza bila kubabaika. Alikuwa mtu wa miraba minne, asiyeogopa kushika nyundo wala koleo, na makanisa na shule alizojenga hakuzisimamia kwa mbali tu. Alikuwa pia mwindaji hodari, na nyama ilipopatikana iliishia kwenye vyungu vya waumini.

Kuna kazi moja ya padre wa kijijini ambayo haiimbwi popote, nayo ni ya kalamu. Katika kila parokia kuna kitabu cha ubatizo. Mtoto anaandikwa jina lake, wazazi wake, msimamizi wake, mahali na tarehe aliyozaliwa. Akipata kipaimara, padre hurudi kwenye mstari uleule na kuongeza maelezo pembeni. Akifunga ndoa, hata kama ni parokia nyingine, taarifa hutumwa na kuandikwa papo hapo. Padre aliyekaa na vitabu hivyo miaka thelathini, na aliyeingia nyumba kwa nyumba kubariki mazao na kuwaombea wafiwa, anajua nani anaishi wapi, tangu lini, na babu yake alizikwa shamba gani. Kwangu mimi, hapo ndipo alipopikwa yule shahidi ambaye nchi ilikuja kumsikia baadaye. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba kijiji kizima ni cha wavamizi waliofika jana.

Na hayo ndiyo yaliyoanza kusemwa. Shinikizo la vyama vingi lilipopanda mwaka 1991, na kifungu cha 2A cha Katiba kikafutwa Desemba ya mwaka huo, mapigano yaliyoitwa ya kikabila yalizuka Bonde la Ufa na maeneo ya mpakani. Hadi mwaka 1993, kwa makadirio ya watetezi wa haki za binadamu, watu wasiopungua 1,500 walikuwa wameuawa na wapatao 300,000 kufurushwa makwao. Kaiser aliwaona waliochomewa nyumba wakipita mbele ya macho yake, na hakukubali kwamba majirani walikuwa wamechukiana tu ghafla. Alisema mapema, na kwa sauti, kwamba ghasia zilikuwa na wapangaji.

Mwaka 1993 aliihama Kisii, akapokewa na Askofu Colin Davies katika Jimbo la Ngong. Oktoba mwaka huohuo wakulima, wengi wao Wakikuyu, walifukuzwa Enoosupukia katika vilima vya Narok, wakielezwa kwamba wanaharibu vyanzo vya maji. Wengi walikuwa na hatimiliki mkononi. Maelfu yao walijazana Maela, karibu na Naivasha, katika vibanda vya karatasi za plastiki, na askofu akamtuma Kaiser akae nao.

Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1994 ilipokaribia, malori yalifika kambini usiku. Watu wapatao 2,000 walipakiwa bila kupewa taarifa na kwenda kumwagwa Mkoa wa Kati, wengine katika uwanja wa michezo wa Kirigiti, Kiambu, wengine Ol Kalou na Ndunyu Njeru. Walihojiwa kuhusu kabila lao na asili ya wazee wao, kana kwamba shamba mtu alilolinunua hupotea akitajwa nyumbani kwa babu yake. Kaiser alipinga, akakamatwa na kuondolewa kambini kwa nguvu.

Baada ya hapo alipewa Lolgorien, Transmara, karibu na mbuga ya Maasai Mara. Alirudia kazi ileile ya vigango, sasa kati ya Wamaasai na majirani zao, na migogoro ya ardhi ikamfuata huko pia. Tume ya Jaji Akiwumi ilipoundwa mwaka 1998 kuchunguza mapigano hayo, wengi waliokuwa na la kusema waliingiwa na woga. Kaiser alikwenda kutoa ushahidi mwanzoni mwa mwaka 1999 na kutaja wakubwa kwa majina, wakiwamo mawaziri, na hakumwacha Rais Daniel arap Moi. Waliotajwa walikana. Novemba mwaka huo aliambiwa kibali chake cha kazi kimekwisha, afunge mizigo. Alikataa, akajificha kati ya waumini wake, hadi maaskofu na ubalozi wa Marekani walipoingilia kati na kibali kikatolewa upya. Mwaka 2000 Chama cha Wanasheria wa Kenya kilimtunuku kwa kutetea haki za binadamu.

Miezi ya mwisho aliwasimamia wasichana wa parokia yake waliomlalamikia mwanasiasa mwenye nguvu kwa kuwanajisi. Mwanasiasa huyo alikana, na shauri likaondolewa mahakamani. Jioni ya Agosti 23 padre alikuwa Ngong kwa askofu wake. Asubuhi alikutwa Morendat, bunduki yake kando yake na gari lake jirani. Alizikwa Lolgorien.

Wapelelezi wa FBI, walioitwa kusaidia, walitoa ripoti mwaka 2001 wakisema dalili zinaelekea kwamba alijiua, na wakaegemea sana historia ya afya yake ya akili. Maaskofu waliikataa ripoti hiyo, na waliofanya kazi naye hawakuiamini. Baada ya utawala kubadilika, uchunguzi wa kifo ulifunguliwa mahakamani mwaka 2003. Agosti 2007 hakimu Maureen Odero aliamua kwamba padre hakujiua, bali aliuawa, ingawa ushahidi uliokuwa mbele yake haukutosha kumtaja muuaji. Hiyo ndiyo kauli ya mahakama ya Kenya, na ndiyo inayopaswa kuandikwa vitabuni kila anapotajwa.

Tangu hapo hakuna aliyeshtakiwa. Alichokijua Kaiser hakikuwa siri ya mtu mmoja. Wapo waliolala naye Maela, waliopakiwa malorini usiku ule, na makatekista waliotembea naye Transmara. Wengi wao sasa ni wazee, na kila mwaka wanapungua. Ofisi ya mashtaka ya umma ikiwa na nia ya kulirudia faili hilo, ianze kwa kuwasikiliza hao, na ifanye hivyo upesi.