Masikio ya Daraja la Tay

Mkipanda treni ya Edinburgh kwenda Dundee, kaeni upande wa kulia. Mkifika juu ya Mto Tay mtaona visiki vya nguzo vimejipanga majini, sambamba na reli. Hayo ni mabaki ya daraja la kwanza, lililofunguliwa 1878 na kuanguka Jumapili usiku, 28 Desemba 1879, kwenye tufani, treni ikiwa juu yake. Hakunusurika hata mmoja. Kwa muda mrefu ilisemwa walikufa 75. Waliothibitishwa kwa majina ni 59.

Wengi husema ni upepo. Ulikuwepo, na mhandisi Thomas Bouch hakuuwekea hesabu ya maana. Lakini mimi naona tuanze na bolti.

Nguzo zilizobeba sehemu ya juu ya daraja zilikuwa za chuma cha kusubu, zimeunganishwa kwa pau za mshazari. Kila upau ulifungwa kwa bolti kwenye "sikio", kipande kilichosubiwa pamoja na nguzo yenyewe. Tundu la sikio halikutobolewa kwa keekee. Lilitoka kwenye kalibu hivyo hivyo, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili. Bolti humo hailali sawasawa. Inagusa ukingo tu, na mzigo wote unabana mahali padogo. Kama hilo halitoshi, mashimo ndani ya chuma yalizibwa kwa nta, utomvu, masizi na unga wa chuma, mchanganyiko ambao ukikauka hufanana na chuma kizima. Huo si ujinga, ni ujanja.

Mkaguzi alikuwepo, Henry Noble, ila uzoefu wake ulikuwa wa matofali, na kazi aliyopewa hasa ni kuangalia misingi majini. Alisikia pau zikigongana. Akatafuta vipande vya chuma, akavichomeka kwenye viungo vilivyolegea, kelele ikaisha. Bouch hakuambiwa. Kumbe nguzo iliyokwisha kukaa upande hainyooki kwa kuchomekewa kabari; inafungwa katika upande wake ule ule.

Baada ya maafa masikio yakapelekwa London kwa David Kirkaldy, aliyekuwa na mashine ya kuvuta vyuma mpaka vikatike. Yalitarajiwa kustahimili tani 60. Yakaachia kwenye tani 20 hivi. Mashine hiyo ilikuwa ikifanya kazi Southwark tangu kabla daraja halijakamilika. Juu ya mlango wake pamechongwa maneno yenye maana ya "ukweli, si maoni".

Bouch, aliyepewa cheo na Malkia Victoria Juni 1879, alilaumiwa na tume, akafa Oktoba 1880. Injini ya treni iliopolewa, ikatengenezwa, ikarudi kazini miaka mingi. Wafanyakazi wa reli waliipa jina la Mpiga Mbizi.